Mtazame Penina Bila Tangazo

Asubuhi Penina alipokutana na Chrispin, mwalo wa Mwigobero mjini Musoma ulikuwa umefurika. Mitumbwi ilikuwa imeshusha, wachuuzi wanagombea sato, wapagazi wanapita na ndoo vichwani wakiomba njia kwa matusi. Katikati ya vurugu hiyo Penina alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda, gauni la kitenge la njano, kilemba cha kitenge hichohicho, miguuni mabuti ya mpira, simu kaifunga kwenye kijiti. Alikuwa anamrekodi mama mmoja anayepara furu, vile visamaki vya ziwani, kwa kasi ya ajabu. Ndipo kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi, boksi la makava ya simu begani, akapita mbele ya simu na kusimama hapohapo kumsalimia mtu.

"Kaka, hivi macho umeyaacha nyumbani?" Penina aliuliza.

"Samahani dada, sikuona kama..." Kijana aligeuka. Akamtazama kuanzia kilemba mpaka mabuti. "Wewe si Penina wa furu?"

"Na wewe ni ukuta wa nani?"

"Naitwa Chrispin. Fundi simu, hapo Iringo. Mama yangu anakupendaga kuliko anavyonipenda mimi. Yuko Butiama, video zako zote kaziona."

"Basi mwambie mama yako mwanae ameharibu moja."

"Nikulipe nini?"

"Shika kijiti. Na usitingishike."

Alishika kijiti nusu saa nzima, mkono ukimuuma, shati jeupe likirukiwa na magamba. Hakutingishika. Penina alipomaliza aliangalia picha, akaona imetulia kuliko zote alizowahi kupiga, na akachukia kwamba alikuwa anatabasamu.

Penina alikuwa mtoto wa Suguti, wa nyumba ya kulima muhogo na kufuga ng'ombe wachache. Mjini Musoma alipanga chumba Iringo baada ya kuacha kazi ya keshia kwenye duka la jumla, kwa sababu alichoka kufokewa. Alianza kupika mbele ya simu: furu wa nyanya, samaki aina ya ningu wa kukaushwa, ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, unaonyooka bila bonge. Kaka yake mkubwa, Renatus, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kabasa mjini Bunda, ndiye aliyemnunulia simu, na ndiye aliyemwambia kwamba kupikia watu wasiokula ni wazimu.

"Nipe mpaka Krismasi," Penina alimwambia. "Jiko lisiponilisha, nakuja Kabasa kukuuzia misumari, na hutanisikia nikilalamika."

"Umetamka mwenyewe," Renatus alisema. "Mbele ya mama."

Ukitamka neno mbele ya mama katika nyumba ile, hulirudishi. Penina alijua, na alitamka kwa kuwa aliamini jiko lake.

Sasa nieleze upesi jinsi jiko la namna hii linavyolisha, maana nikilieleza polepole hasira itanipanda nishindwe kumaliza. Mtandao ule mkubwa wa video, ambao sitautaja kwa kuwa kila mtu anao mfukoni, hukuwekea tangazo mbele ya video yako. Mwenye tangazo anailipa Kampuni. Kampuni inamega pande lake, nono, halafu anayepika, anayeungua vidole na kunuka moshi, anaachiwa kinachobaki. Hachagui tangazo lipi likae mlangoni kwake. Hapangi bei. Na asipotaka, aende wapi? Watazamaji wote wako kule. Soko ni moja, na mwenye soko hajawahi kukanyaga Musoma wala hajui furu ni nini.

Penina aliyakubali hayo yote, kama tunavyokubali wengi. Alikuwa na Chrispin wa kumsahaulisha.

"Umekula?" Chrispin alikuwa akipiga saa sita kamili.

"Fundi, mimi kazi yangu ni kupika. Unaniulizaje kama nimekula?"

"Mpishi hafagi kwa njaa, anakufaga kwa kuonja. Nauliza kama umekaa chini ukala."

"Sijakaa."

"Nakuja na chapati. Kaa."

Na alikuwa akija kweli, shati limenyooka, chapati kwenye mfuko wa karatasi, na walikuwa wakila mlangoni kwa Penina, naye Penina akimchambua.

"Hivi pasi unaipiga mwenyewe, au kuna mtu?"

"Kuna mtu."

"Nani?"

"Mimi wa jana usiku. Namheshimu sana, ana bidii."

Penina alimpenda kwa hayo. Alimpenda pia kwa namna alivyonyamaza kila alipomtaja mama yake. Mama amepooza upande, alisema mara moja, alianguka mwezi wa pili. Penina alipouliza ilikuwaje, Chrispin alisema "presha tu," akaanza kufungua simu ya mteja. Penina hakumbana.

Mwezi wa kumi mambo yakaanza kushangaza. Watazamaji waliongezeka, tena wa hapahapa: Musoma, Bunda, Butiama. Mtaani walimwita kwa jina. Sokoni mama mmoja alimwimbia maneno yake mwenyewe ya kufungulia video. Lakini kipato kilichokuwa kinapanda kidogokidogo kikasimama, kisha kikaanza kushuka.

"Siielewi hii," alimwambia Chrispin kwenye simu. "Watu wanazidi, hela inapungua. Krismasi hiyo inakuja, mpenzi. Renatus kanipigia jana kuniuliza saizi ya aproni."

"Watu wanazidi kweli?"

"Wamekuwa mara mbili."

Chrispin alitabasamu peke yake kibandani. "Basi tulia. Wakizidi zaidi itakaa sawa. Niachie mimi, nina zawadi yako. Jumamosi ijayo njoo mnadani Butiama, utaiona."

Hapa ndipo pa kumlaumu na pa kumhurumia. Chrispin alikulia kwenye kibanda umiza, kile cha mabati watu wanapoangalia mpira kwa kiingilio. Kibanda kikijaa, mwenye kibanda anapata. Ndivyo alivyojua dunia. Alidhani Kampuni nayo inahesabu vichwa, ikiona vichwa vingi inamlipa mpishi. Hakuwahi kumuuliza Penina, na Penina hakuwahi kudhani fundi simu anaweza kutolijua hilo. Wawili hawa waliongea mara sita kwa siku, wakaacha kuongea jambo moja.

Jumamosi mnada ulikuwa umechanganya. Ng'ombe walikuwa wanalia, nyama inachomwa, mitumba imetandazwa chini. Penina alikuja na sketi ya jinzi na blauzi nyekundu, kajipaka wanja kwa ajili ya zawadi. Alimwona Chrispin kwa mbali, mezani kwake, chini ya mwavuli, watu wamempangia foleni wakiwa wameshika simu. Juu ya mwavuli alikuwa ametundika bango la turubai. Picha ilikuwa ya Penina mwenyewe na gauni la njano la Mwigobero. Chini yake herufi kubwa: MTAZAME PENINA BILA TANGAZO. TUNASAFISHA SIMU BURE.

Mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza anapokea simu yake. "Sasa hata bando langu haliliwi na matangazo," alimwambia mwenzake. "Naangalia Penina mpaka nachoka."

Chrispin alipomwona aliinuka, uso unang'aa. "Umeona? Nawawekea app ya kuzuia matangazo. Tangu mwezi wa nane nazunguka nayo. Musoma kibandani, Bunda Jumatatu, hapa Jumamosi. Simu zaidi ya mia tisa, mpenzi, na sichukui hata mia. Ndiyo maana wamezidi."

Penina aliitazama tena picha yake. Watu wa foleni walianza kumtambua, wakawa wanamchekea.

"Chrispin. Hela yangu inatoka wapi?"

"Inatoka kwenye Kampuni, kwa watazamaji."

"Inatoka kwenye tangazo. Tangazo lisipoonekana, silipwi. Waangalie hata milioni."

Chrispin aligeuka kuitazama foleni.

"Mwezi mzima nalia na wewe kwenye simu," Penina alisema. "Unaniambia tulia. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Na umetundika na picha yangu."

"Sikujua, Penina. Haki ya Mungu sikujua. Nilitaka wakuone vizuri. Nimetumia Jumamosi zangu zote..."

"Nani alikutuma?"

"Fadhila ya punda ni mateke," Chrispin alisema, na mara tu lilipomtoka alijuta, kwa sababu watu walicheka.

"Basi punda ameshapiga." Penina aliivuta ile turubai, ikachanika pembeni. "Warudishie matangazo yao."

"Hapana."

"Umesema?"

"Nitaacha kuweka kwa wengine. Hizi nilizosafisha siwezi kuzirudisha. Niombe kingine chochote." Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Hayo matangazo siyarudishi kwenye simu ya mama wa mtu."

Penina alimtazama, akaona mtu aliyechagua wageni badala yake yeye. Aliikunja turubai, akaiweka kwapani ili picha yake isibaki pale, akaondoka bila kuaga.

Wiki mbili hakupokea simu. Chrispin alipiga saa sita kamili kila siku, simu ikaita mpaka ikakata. Aliandika: *Nimekosa.* Akaandika: *Umekula?* Penina alisoma, akatupa simu kitandani, akapika kwa hasira mpaka ugali ukaungua. Kuna siku alimchukia kweli. Kuna siku alichukia kwamba hajamchukia vya kutosha. Kipato nacho kiliendelea kushuka, na Renatus alishanunua aproni.

Mwanzoni mwa Desemba, mchana, namba ngeni ikapiga.

"Shikamoo dada Penina."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Sara, mdogo wake Chrispin. Usikate kwanza, nakuomba."

"Kakutuma?"

"Akijua atanipiga. Kaka alikuambia kwa nini anazuiaga matangazo?"

"Aliniambia mama wa mtu. Sikuelewa."

Sara alivuta pumzi. "Mama alikuwa anameza vidonge vya presha vizuri tu. Mwaka jana akaanza kumwona yule daktari wa kwenye simu, wa koti jeupe, anasema vidonge vinaua figo, tumia unga wangu utapona kabisa. Kila siku yule yule. Mama akasema daktari hawezi kudanganya mbele ya watu wote hivyo. Akaagiza. Vidonge akavificha chini ya godoro tusijue. Mwezi wa pili kaanguka jikoni. Kaka ndiye alivikuta, siku anageuza godoro."

Penina alikaa kitandani. "Pole sana, mdogo wangu. Lakini kwa nini hakuniambia mimi?"

Sara alishusha sauti.

"Mama alikuwa haangaliagi kitu kingine, dada," Sara alisema. "Yule daktari alikuwa anakuja mbele ya video zako. Kaka alisema bora umchukie kuliko ujue."

Baada ya simu hiyo Penina hakulia. Mimi ningelia. Yeye alifungua ukurasa wake, akaingia ndani kabisa kwenye mipangilio, akakuta pale anapoulizwa kama anaruhusu matangazo. Akazima. Video zote, tangu ya kwanza. Alijua anazima nini: zilikuwa zimebaki wiki tatu, na kile kidogo kilichokuwa bado kinaingia ndicho kilichomtenganisha na misumari. Alizima hivyohivyo, huku akitukana kwa Kijita, na Jumamosi alfajiri akaenda Mwigobero kununua furu wa kupeleka Butiama.

Alifika kwa akina Chrispin na gauni la bluu la kanisani. Chrispin alikuwa uani anafua. Alipomwona aliinuka na povu mikononi, na kwa mara ya kwanza shati lake lilikuwa na mikunjo.

"Sara," alisema, akaelewa.

"Mwache Sara. Jiko liko wapi?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mkono wa kushoto umelala mapajani. Alipomwona mgeni, upande wa uso wake ulio mzima ulicheka.

"Shikamoo mama."

"Ma-rahaba. Pe-nina." Maneno yalikuwa yanamtoka moja moja. "Wa furu."

"Ndiye mimi. Leo hutaniangalia, leo utakula."

Alipika. Chrispin alimenya vitunguu pembeni bila kuruhusiwa wala kufukuzwa.

"Ungeniambia," Penina alisema bila kumtazama.

"Ningekuambiaje? Kwamba mama yangu alikuwa anakufuata wewe, akakutana na yule mshenzi mlangoni kwako? Ungepika tena?"

"Ningejua mlango wangu una nini. Uliniamulia. Uliamua nisijue, halafu ukaamua nisilipwe."

"La pili sikujua."

"La kwanza ulijua."

"Ndiyo," Chrispin alisema. "La kwanza nisamehe."

"Nimezima matangazo Jumanne. Yote. Kwa hiyo hata nikikusamehe, sina jiko."

Alisimamisha kisu. "Penina, na Renatus?"

"Menya vitunguu."

Mama alikula kwa mkono wa kulia, polepole, akamaliza. Kisha akataka kuiona video ya kwanza, ile ya furu wa nyanya. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, basi Penina akatoa yake, ambayo haijawahi kusafishwa na mtu, akachuchumaa kando ya kiti, akabonyeza.

Koti jeupe likatokea. Miwani ileile, tabasamu lilelile, unga mkononi.

Mama aliinua mkono wa kulia, akaionyesha simu kwa kidole. "Huyo," alisema.

Chrispin aliikwapua simu. Penina alibaki amechuchumaa. "Nimezima," alisema. "Mama, haki ya Mungu nimezima mwenyewe."

Waliingia kwenye ukurasa pamoja, vichwa vimegusana. Kila kitu kilikuwa kimezimwa. Kisha wakaenda kwenye masharti, yale marefu ambayo kila mtu anakubali bila kusoma, na Penina akasoma mpaka akafika. Ilikuwa sentensi moja. Mwenye video asipotaka matangazo, Kampuni inaweza kuyaweka yenyewe, na mwenye video hapati kitu.

"Soma tena," Chrispin alisema.

Alisoma tena. Ukikubali, wanakumegea makombo. Ukikataa, wanakula sahani nzima, na yule muuaji wanamweka palepale mlangoni kwako, kwa jina lako na uso wako. Penina alitafuta namba ya kupiga. Hakuna. Alitafuta mtu wa kumwandikia, akakuta kisanduku kinachojibu kwamba maoni yake ni muhimu. Alitukana kwa Kiswahili, akatukana kwa Kijita, na mama pale kitini, kwa upande wake mmoja, akaitikia "Eee" kila tusi lilipokwisha.

Kisha Penina akampa Chrispin simu.

"Safisha."

"Una hakika?"

"Safisha, nimesema. Na ile turubai yako ninayo, nimeishona. Jumamosi ijayo itundike tena."

Alisafisha. Haikuchukua hata dakika tatu. Alipomrudishia aliushika na mkono wake, hakuuachia, na Penina hakuuvuta.

"Jumatatu naenda Kabasa," Penina alisema. "Sisubiri Krismasi, neno ni neno. Utakuja kuniposa kwa Renatus, au unamwogopa?"

"Namwogopa sana. Anatakaga ng'ombe wangapi?"

"Muulize mwenyewe. Uje na wazee, na shati lililonyooshwa. Boksi la makava uache nyumbani."

"Lini?"

"Umeshachelewa."

Jumatatu alivaa aproni ya kijani, kubwa kuliko yeye, akasimama nyuma ya mizani kati ya mabati na mifuko ya saruji. Renatus hakumcheka, alimwonyesha misumari ya inchi tatu iko wapi, akaenda benki. Saa sita kamili simu iliita.

"Umekula?"

"Sijakaa hata chini, mpenzi. Kuna mteja."

Mteja alikuwa mama wa makamo mwenye kanga ya kijani, anataka misumari nusu kilo. Alimtazama Penina, akamtazama tena, akacheka kwa furaha.

"Wewe si Penina wa furu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Video zako naziangaliaga zote. Kuna kijana alinisafishia simu hapahapa Bunda, sioni tangazo hata moja. Sasa mbona wiki hii hujapika?"

Penina alimimina misumari kwenye mizani, akapunguza mitatu ili iwe sawa, akaifunga kwenye gazeti.

"Asante kwa kuniangalia, mama," alisema.